Kutoka Igunga hadi Mwanza kwa Baiskeli: Mwongozo kwa Marafiki Wanaovuka Nchi Tambarare

Mtu anayepanga safari ndefu ya baiskeli huogopa milima, na akiambiwa kwamba njia ni tambarare hufurahi na kudhani kuwa nusu ya kazi imekwisha. Baada ya kuipita mara tatu njia ya kati ya Igunga na Mwanza, nchini Tanzania, pamoja na marafiki, naamini kwamba tambarare ina ugumu wake, tena ugumu usioonekana kwa macho. Mlimani mtu hupanda kwa jasho, lakini mbele yake kuna mteremko, na katika mteremko huo miguu hupumzika, makalio huinuka kitini, mikono hulegea na koo hupata maji. Kwenye tambarare ukiacha kunyonga, baiskeli husimama. Kwa hiyo mtu hunyonga saa nyingi akiwa amekaa mkao uleule, na asipojipangia mapumziko yake mwenyewe, siku ya pili mwili hukataa. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na jambo hilo moja.

Njia yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 325: kutoka Igunga hadi Nzega ni kama kilomita 80, kutoka Nzega hadi Shinyanga kupitia Tinde ni kama 80 nyingine, na kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kama 165, ambazo sisi huzigawa mara mbili kwa kulala Hungumalwa. Yote ni barabara ya lami. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi mnayoivuka haipishani sana na kimo hicho. Inapanda na kushuka polepole kiasi kwamba mtu aliye ndani ya gari hatambui. Wapo wanaopenda kuanzia Singida, lakini siwashauri wanaoanza kufanya hivyo, kwa sababu kati ya Singida na Igunga kuna mteremko wa Sekenke, na mteremko wa namna hiyo, kwa baiskeli iliyobeba mzigo katikati ya malori, si mahali pa kujifunzia breki. Siku nne za kuendesha na siku moja ya kupumzika Shinyanga zinatosha kwa watu wenye afya ya kawaida.

Mwezi na upepo

Mvua za Usukumani huanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo lami inapitika, lakini mara mtakapoiacha ili kwenda kisimani, dukani au mahali pa kulala, mtakutana na udongo mweusi ambao wenyeji huuita mbuga. Udongo huo ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na madigadi, na baada ya hatua ishirini baiskeli haizunguki tena, hubebwa begani. Septemba na Oktoba ni miezi mikavu, lakini joto huwa kali na malambo mengi hukauka. Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, kwa kuwa asubuhi kuna ubaridi, mpunga na mahindi vimekwisha kuvunwa, na watu wana nafasi ya kuzungumza na mgeni.

Katika miezi hiyohiyo upepo hutoka kusini-mashariki. Ni ndugu wa ule ambao watu wa pwani huuita kusi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtoke Igunga kwenda Mwanza, wala si kinyume chake. Siku ya kwanza mnaelekea magharibi, na upepo huwasukuma kutoka nyuma upande wa kushoto. Siku ya pili mnageukia kaskazini, na baada ya Tinde kaskazini-mashariki, hivyo upepo huwapiga ubavu wa kulia; hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza upepo huwa karibu mgongoni kabisa. Mwaka wa pili tuliamua kwenda kinyume kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa na shughuli Mwanza, na kati ya Misungwi na Hungumalwa tulitumia saa tano kumaliza kipande ambacho mwaka uliotangulia kilituchukua saa mbili na nusu. Tulifika tukiwa hatusemezani.

Jueni pia kwamba upepo huo hulala usiku na kuamka kadiri jua linavyopanda. Kilomita zinazopatikana kabla ya saa tatu asubuhi ni nafuu kuliko zote za siku nzima, na kundi linalochelewa kuondoka kwa sababu ya chai hulipia uchelewaji huo mchana kutwa.

Baiskeli na mzigo

Hamhitaji baiskeli ya gharama kubwa. Katika nchi hii tambarare wakulima husafirisha magunia ya mpunga na ya mkaa kwa baiskeli za chuma zisizo na gia, na mjini Shinyanga baiskeli zimebeba abiria kwa miaka mingi hadi zikaitwa daladala. Baiskeli ya Phoenix iliyokazwa vizuri itawafikisha. Baiskeli yenye gia husaidia siku ya upepo wa ubavuni, lakini iwe na breki za waya ambazo fundi yeyote anazifahamu, wala si za mafuta, kwa sababu zikiharibika njiani hamtapata wa kuzitengeneza hadi Mwanza.

Jambo ambalo makundi mengi hulisahau ni kupatana ukubwa wa magurudumu. Ikiwa mmoja anatumia tairi za inchi 28, mwingine 26 na wa tatu ukubwa mwingine kabisa, kila mmoja atalazimika kubeba akiba yake peke yake. Mkipatana ukubwa mmoja, mipira miwili ya ndani na tairi moja la akiba hutosha watu wanne. Katika masoko ya vijijini vifaa vya 28 ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi, kwa kuwa ndivyo wenyeji wanavyotumia.

Wiki mbili kabla ya safari pelekeni kila baiskeli kwa fundi mnayemwamini, naye afungue vikombe vya magurudumu yote mawili na vya pedali, aoshe gololi, abadilishe zilizoliwa na kutia grisi mpya. Akaze spoku za gurudumu la nyuma kwa makini zaidi, hasa za upande wa mnyororo, kwa sababu hizo ndizo zinazokatika chini ya mzigo. Kisha mpime urefu wa kiti: ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuyumba. Kiti kilicho chini kwa vidole viwili tu hakisumbui katika safari ya sokoni, lakini katika kilomita 80 za kunyonga bila kukoma huleta maumivu ya goti ambayo hayaondoki kwa kulala usiku mmoja.

Mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo kumi na mbili pamoja na maji. Uwekwe chini na ugawanywe pande mbili za keria, ufungwe kwa vipande virefu vya mpira wa ndani uliochakaa, ambavyo hushika kuliko kamba na havilegei kwa mtikisiko. Nguo pea mbili, sweta jepesi la alfajiri, chandarua, kofia pana ya kuvaa mnapopumzika na kofia ngumu ya kuvaa mnapoendesha, taa, dawa, na vifaa vya matengenezo vinatosha. Mengine yote yanauzwa njiani.

Pancha ndiyo kazi yenu ya kila siku, kwa hiyo naieleza kwa kirefu. Adui mkubwa si mwiba mrefu wa mgunga, bali ni mbigili, mmea unaotambaa kandokando ya barabara na ambao mbegu zake huanguka zikiwa zimesimamisha mwiba mmoja juu. Msisukume baiskeli kwenye majani makavu kando ya lami; inyanyueni na kuibeba mpaka mahali penye udongo mtupu. Kabla ya safari chukueni mpira wa ndani wa zamani, ukateni kwa urefu, na kuutandika kati ya tairi na mpira mpya; unaongeza uzito kidogo, lakini ulitupunguzia pancha kutoka tatu kwa siku hadi moja kwa siku mbili. Mnapoziba, sugueni kwa msasa eneo lililo pana kuliko kiraka, pakeni solusheni nyembamba, na msubiri mpaka iache kung'aa kabla ya kubandika, kwani haraka katika hatua hiyo ndiyo inayofanya kiraka kibanduke mchana jua likiwaka. Kisha pitisheni kitambaa ndani ya tairi lote badala ya vidole. Kitambaa hunasa mwiba uliobaki, na mwiba uliobaki ndio unaotoboa mara ya pili kabla hamjafika kilomita moja.

Mnyororo mfute kila jioni kwa kitambaa kikavu na kuutia matone machache ya mafuta mepesi. Grisi na mafuta mengi hukusanya vumbi, na vumbi hilo hugeuka kuwa msasa.

Kundi

Idadi nzuri ni watu wanne hadi sita. Wakiwa wawili, ugonjwa wa mmoja huvunja safari. Wakizidi sita, mstari huwa mrefu mno kwa malori kuupita kwa usalama, na kila kituo cha chai hugeuka kuwa saa nzima. Kabla ya kuondoka fanyeni majaribio ya siku mbili mfululizo, kilomita 50 au 60 kila siku, mkiwa na mzigo kamili. Siku ya kwanza hupima baiskeli. Siku ya pili huwapima ninyi: mtajua nani hukasirika akiwa na njaa, nani husimama kila mara kupiga picha, na nani hasemi kuwa anaumwa mpaka amezidiwa. Mambo hayo ni heri myajue mkiwa karibu na nyumbani.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na hilo lisemwe wazi tangu mwanzo bila kumwonea mtu haya. Watu wengi humweka mwenye nguvu ndogo nyuma, na hapo ndipo wanapokosea. Aliye nyuma huachwa kidogokidogo, akikaza kuwafikia huchoka, na akiwafikia huwakuta wamekwisha kupumzika na wako tayari kuondoka, kwa hiyo yeye pekee hapumziki siku nzima. Mwekeni wa pili kutoka mbele. Huko anakingwa upepo na kiongozi, na kiongozi anaisikia pumzi yake. Akiona mazungumzo ya nyuma yake yamekatika, anajua mwendo umezidi. Mwenye nguvu na ujuzi wa matengenezo ndiye anayefunga mstari akiwa na pampu na vifaa, kwa kuwa fundi aliye mbele hamsaidii aliyepata pancha nyuma.

Siku ya upepo mpokezane kazi ya kuongoza kila baada ya dakika kumi. Anayeongoza husogea upande wa kushoto wa barabara na kupunguza mwendo, wengine humpita kwa utaratibu, naye hujiunga mwisho. Yule dhaifu anaweza kuongoza dakika mbili tu au asiongoze kabisa. Nafasi kati ya baiskeli na baiskeli iwe mita mbili au tatu, kwa sababu baiskeli yenye mzigo haisimami kama isiyo na mzigo.

Tambarare hudanganya macho. Mnaweza kumwona mwenzenu mbele na kuamini kwamba yuko karibu, kumbe yuko kilomita mbili, na sauti haimfikii. Safari yetu ya kwanza rafiki mmoja alitangulia akiwa na nguvu ya asubuhi, na alipofika Tinde, mahali ambapo barabara inagawanyika, alishika ya kushoto inayokwenda Kahama akifuata malori, wakati sisi tulishika ya kulia kwenda Shinyanga. Alitambua baada ya zaidi ya kilomita kumi, simu yake ikiwa imezimika. Tulimsubiri chini ya mti kwa muda wa saa tatu, naye akaja amechoka na amekasirika, na tuliingia Shinyanga usiku, jambo ambalo tulikuwa tumeapa kutolifanya. Tangu siku hiyo tuna kanuni mbili zisizojadiliwa: hakuna anayepita njia panda yoyote kabla kundi lote halijafika, na anayeongoza hugeuka kutazama nyuma kila baada ya dakika tano. Kila mmoja pia abebe laini za simu za kampuni mbili tofauti, na kundi liwe na angalau pawabenki moja iliyojaa ambayo haiguswi kwa muziki.

Fedha za chakula, malazi na matengenezo zikae katika mfuko mmoja ambao kila mtu amechangia sawa kabla ya kuondoka, aushike mtu mmoja na kuandika matumizi. Kugawana bili ya chai mezani mara nne kwa siku huharibu urafiki polepole.

Saa za kuendesha, maji na chakula

Ukanda huu uko magharibi mwa nchi ilhali saa ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo Julai jua huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu kuna mwanga wa kutosha kuondoka mkiwa na taa za nyuma zinazowaka. Endesheni dakika 45, pumzikeni dakika kumi, hata kama hakuna aliyechoka. Hapa ndipo mnapojitengenezea ule mteremko ambao nchi haikuwapa. Katikati ya vipindi hivyo kila mtu ainuke kitini na kusimama juu ya pedali kwa muda mfupi kila robo saa, abadilishe namna ya kushika usukani, na kuzungusha mabega. Mapumzikoni shukeni kabisa, tembeeni, msikae chini papo hapo.

Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa mtakuwa mmemaliza kilomita 50 hivi ifikapo saa tano. Hapo simameni mpaka saa tisa. Kivuli kisiachwe kwa kutumaini kingine mbele, kwa kuwa sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa miti miongo mingi iliyopita ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Miti mnayoiona imerudi katika maeneo mengi ni matunda ya ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma hutenga na kuyafunga kwa msimu, desturi ya kale iliyopewa nguvu mpya na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Mkipumzika karibu na ngitili, ombeni ruhusa, msikate tawi na msiwashe moto. Nyasi hizo ndizo akiba ya ng'ombe wa mtu kwa Oktoba. Kuweni waangalifu pia na minyaa iliyopandwa kama uzio wa kaya: maziwa yake yakiingia jichoni huleta madhara makubwa, kwa hiyo msiegemeze baiskeli juu yake wala kuvunja kijiti.

Kila mtu aondoke na lita tatu za maji na kunywa mafunda machache kila robo saa bila kusubiri kiu. Asubuhi yenye upepo jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hatoki jasho. Mkojo ukiwa wa njano iliyokoza, simameni. Kwa siku za joto tengenezeni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mtu akianza kusikia baridi juani, kichwa kikimgonga au maneno yakimchanganyikia, safari ya siku hiyo imekwisha kwake. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji, na mtafuteni gari la kumpeleka hospitali asipopata nafuu upesi. Maji ya malambo msinywe wala msiogelee, hata yakiwa ya kuvutia kiasi gani, kwa sababu kichocho ni ugonjwa wa kawaida katika ukanda huu wote wa ziwa.

Chakula hakina shida. Asubuhi mtapata chai, chapati, viazi vitamu na mihogo katika kila kituo cha mabasi. Njiani bebeni karanga na ndizi, na muulize sokoni michembe na matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa kwanza. Sijaona chakula kinachomfaa mwendesha baiskeli kuliko matobolwa: ni mepesi mfukoni, hayaozi, na hutafunwa polepole huku mtu ananyonga. Ugali na samaki viwe vya jioni. Ukila sahani kubwa saa sita mchana, saa tisa hutainuka.

Juu ya makalio nitasema machache lakini myazingatie. Vaeni nguo isiyo na mshono mnene mahali pa kukalia, pakeni mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kuanza, ogeni kila jioni na kuvaa nguo kavu. Mchubuko mdogo wa siku ya kwanza ukipuuzwa huwa kidonda siku ya tatu.

Lami na magari makubwa

Kati ya Igunga na Tinde mtakuwa pamoja na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mabasi yenye haraka. Endesheni upande wa kushoto, mstari mmoja, mkivaa vizibao vyenye mistari inayoakisi mwanga, na anayefunga mstari awe na kioo cha pembeni. Yeye ndiye anayepaza sauti "gari nyuma!", na kiongozi ndiye anayepaza sauti "shimo!" au "mchanga!". Hatari kubwa haitoki nyuma peke yake. Hutokea pale ambapo gari moja linakuja mbele yenu, jingine linalipita, na hilo la pili liko upande wenu. Mkiona magari mawili makubwa yatapishana mahali mlipo, ondokeni kwenye lami mapema. Ukingo wa lami mara nyingi uko juu ya udongo kwa kiasi cha kiganja, kwa hiyo punguzeni mwendo na mshuke kwa kukata kidogokidogo, wala msirudi juu mkiwa sambamba na ukingo, kwani gurudumu la mbele huteleza na kumwangusha mtu barabarani. Baada ya lori kupita shikeni usukani imara, kwa kuwa upepo wake husukuma kwanza kisha huvuta.

Ng'ombe nao wana haki ya njia. Msipige kengele mkiwa katikati ya kundi. Shukeni, msalimieni mchungaji hata kama ni mtoto, na mpite kwa miguu upande anaowaonyesha. Giza likiingia, karibu saa moja jioni, msiwe barabarani kwa sababu yoyote ile.

Salamu na mahali pa kulala

Nzega, Shinyanga na Hungumalwa zina nyumba za wageni za bei nafuu. Ulizeni kwanza kama baiskeli zitalala ndani. Lakini safari huwa na siku ambayo pancha tatu au ugonjwa huwakatiza kijijini, na hapo msipige hema kimyakimya porini. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, mjitambulishe, mwonyeshe vitambulisho na kuomba mahali. Usukumani na Unyamwezini ndiko walikoanzia sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na walinzi hao wa jadi bado wana heshima. Wageni waliolala kichakani bila taarifa watahojiwa usiku, tena kwa haki. Wageni walioripoti hulindwa. Sisi tulipewa darasa la shule, maji ya kuoga na moto wa kuota, na mzee mmoja alikataa kabisa fedha, akapokea sukari kwa ajili ya bibi wa nyumbani kwake.

Jifunzeni salamu: "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" kuanzia mchana. Mzee husalimiwa kwanza, mtu akiwa ameshuka kwenye baiskeli na kuvua kofia, na shikamoo hupokewa vizuri kila mahali. Maswali ya njia yaje baada ya salamu kukamilika.

Vipande vya njia

Igunga hadi Nzega ni siku ya kujizuia. Upepo unasaidia, miguu ni mipya, na kila mtu hutamani kukimbia. Kiongozi ashike kilomita 15 kwa saa na asikubali kushawishiwa. Siku ya pili, ya Nzega hadi Shinyanga, ondokeni mapema kuliko siku nyingine zote kwa sababu ya upepo wa ubavuni, na mpumzike vizuri Tinde, ambako malori mengi huwaacha na barabara hutulia.

Siku ya mapumziko Shinyanga itumieni kufua, kukagua spoku na kula wali; mchele wa huku una sifa nchi nzima na unastahili sifa hiyo. Mkiondoka Shinyanga mtapita Kolandoto kisha Maganzo, jirani na Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ambako mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Hapo ni mahali pazuri pa chai. Mbele yake, hadi Hungumalwa, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mibuyu iliyosimama mbalimbali, na upepo mgongoni ukiwasukuma bila kelele.

Siku ya mwisho nchi huanza kubadilika. Baada ya Misungwi mawe makubwa ya Mwanza hutokea, vilima vifupi huanza, na Usagara barabara inayotoka Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, huleta magari mengi zaidi. Kuanzia hapo msiendeshe kwa mazoea ya tambarare. Simameni Usagara, mnywe maji, mkaze breki ambazo hamkuzitumia kwa siku nne, na muingie mjini kabla ya saa tisa, kabla msongamano wa jioni haujaanza.

Kwa kurudi, mabasi huchukua baiskeli kwenye buti kwa malipo ya mzigo. Nendeni kituoni siku moja kabla, mpatane bei na kupata risiti yenye idadi ya baiskeli. Fungueni pedali, geuzeni usukani uwe sambamba na fremu, punguzeni upepo wa tairi kidogo, na mfunge kadibodi kwenye mnyororo ili usichafue mizigo ya wengine. Kisha mmoja wenu abaki nje ya basi mpaka buti lifungwe.